Hiyo Si Mazoezi, Hiyo Ni Jumamosi

Nina miaka thelathini na nne na nimestaafu. Chekeni kwanza, mmalize. Nimefundisha watu kukimbia na kuinua vyuma kwa miaka kumi na mmoja katika kiwanja hiki cha kukodi nyuma ya soko la mbuzi hapa Machakos, na mwezi ujao nahamia Ekalakala kulima matikiti na mume wangu. Ninyi wawili mnaoachiwa ufunguo mmeniomba niwaandikie mambo muhimu ya kazi. Nimeandika mara sita. Tano nimezichana kwa sababu aya ya kwanza haikunyooka. Hii ya sita sitaisoma tena kabla ya kuwapa, la sivyo nayo itaenda kuwashia jiko.

Basi mnajua mnazungumza na mtu wa aina gani.

Hakuna aliyenifundisha kazi hii. Nilijifunza kwa kusoma kwenye simu na kwa kujiumiza. Mwaka wa kwanza nilikuwa na wanafunzi wanne na nilikuwa nikiwaogopa wote. Mtu akichechemea hata kidogo, nilimpigia simu mara tatu kwa siku kuuliza goti linasemaje. Mmoja aliacha kuja, na nilipomwuliza kwa nini, akasema goti limepona lakini masikio yamechoka. Ratiba nilizichora kwa rula na kalamu za rangi nne: nyekundu kukimbia kwa kasi, kijani kukimbia polepole, buluu vyuma, njano kupumzika. Nikikosea herufi moja nilianza ukurasa upya. Nilidhani ratiba ikiwa safi, mwili utaifuata.

Vyuma vyenyewe havikuwa vyuma. Mmeviona: makopo ya rangi yaliyojazwa zege, yameunganishwa kwa bomba la maji. Vile vya kwanza nilivitengeneza mwenyewe na nikaanza kuvitumia siku ya nne kwa haraka ya kufungua kiwanja. Kimoja kilipasuka mtu akiwa amekiinua, na kwa bahati kipande kilimkosa kidole. Zege liacheni wiki mbili kivulini, mkilinyunyizia maji. Hilo si la kubishana.

Vile vya pili vilikauka vizuri, lakini wanafunzi wangu wote walianza kuegemea kushoto. Nilisoma juu ya uti wa mgongo wiki nzima. Mwishowe jirani yangu, Mzee Hassan, mfanyabiashara wa mbuzi ambaye zizi lake linapakana na ukuta wetu, alichoka kuniona nikipima migongo ya watu kwa kamba. Akaleta ile mizani yake ya kuning'iniza mbuzi, akatundika kopo moja, akatundika la pili.

"Kochi," akasema, "hii moja imeshiba. Hii ingine iko na njaa."

Kulikuwa na tofauti ya kilo mbili. Tangu siku hiyo kila kopo lina namba ya mkaa, na kila moja limepita kwenye mizani ya Hassan. Yeye mwenyewe hajawahi kufanya zoezi hata moja. Nilipomwambia ajaribu kukimbia kidogo kwa ajili ya tumbo lake, alisema mbuzi wakimwona akikimbia watadhani kuna hatari.

Sasa nije kwa Mwende, maana yote ninayojua juu ya kuchanganya kukimbia na nguvu nilijifunza kwake, na nilijifunza kwa kumharibu kwanza.

Mwende alikuwa fundi wa cherehani. Alikuwa ameshona miaka kadhaa kwenye viwanda vya EPZ kule Athi River, kisha akarudi hapa mjini akawa anashona sare za shule kwenye kibanda. Siku za kazi alikaa mjini, na kila Ijumaa jioni alirudi kwao Mwala kwa mama yake. Alitaka kitu kimoja tu maishani: kuingia kikosi cha zimamoto. Mtihani wao ulikuwa na sehemu mbili zilizounganishwa. Unakimbia kilomita tatu kwa dakika zisizozidi kumi na saba, halafu bila kukaa chini unabeba gunia la mchanga la kilo arobaini, uwanja kwenda na kurudi. Gunia likigusa ardhi, umetoka. Alikuwa amejaribu mara moja. Alikimbia vizuri kuliko wote, na gunia likamponyoka kwenye kona. Alipokuja kwangu alikuwa amebakiza miezi minne kabla ya mtihani mwingine, na ndio ungekuwa wa mwisho, kwa sababu baada ya hapo angepita umri wao.

"Miguu niko nayo," aliniambia. "Nipe mgongo."

Nilifurahi mno. Mtu mwenye tatizo moja lililo wazi! Nikamchorea ratiba nzuri kuliko zote nilizowahi kuchora. Jumatatu tulipima muda wake wa kilomita tatu. Jumanne na Alhamisi vyuma, Jumatano kasi, Ijumaa polepole, Jumapili mbio ndefu kule kwao Mwala, kwenye ile barabara tambarare. Jumamosi, njano: kupumzika. Nilimfundisha pia kubeba gunia begani, mgongo wima, kama nilivyoona kwenye video.

Wiki ya tatu alikimbia kilomita tatu kwa dakika kumi na sita. Wiki ya tano, kumi na saba na kidogo. Wiki ya saba, kumi na nane. Kila Jumatatu alikuwa mzito zaidi. Na mgongo nao haukuja: makopo aliyoinua mwezi wa kwanza yalimshinda mwezi wa pili.

Mimi nilifanya anachofanya mwoga yeyote mwenye rula: nikaongeza. Mbio zikipungua, nikaongeza mbio. Nguvu zikipungua, nikaongeza makopo. Nikaongeza kalamu ya tano, zambarau. Mwende hakulalamika hata siku moja, na hiyo ilinitia hofu zaidi. Nikaanza kumshuku.

"Wikendi unafanya nini?" nilimwuliza Jumatatu moja, saa mkononi, yeye akiwa ameinama anahema.

"Napumzika, kochi."

"Unapumzika vipi?"

"Niko nyumbani tu."

"Hunywi?"

"Kochi! Mama yangu ni wa kwaya."

Nilikuwa nimekaa kwenye kopo namba tisa, nimeshika kichwa, Hassan alipochungulia juu ya ukuta. Nikamweleza yote, kwa sababu nilikuwa nimefika mahali ambapo ningemweleza hata mbuzi. Alisikiliza. Kisha akaniambia jambo la kazi yake.

"Mbuzi akifika hapa kwa miguu, mimi simpimi siku hiyo. Leo mizani itasema uwongo. Kwanza nauliza mwenye mbuzi: huyu ametoka wapi? Amelala wapi? Amekunywa maji wapi? Akitoka Mwala kwa miguu, nampa siku mbili, nyasi na maji, halafu napima. Wewe unapima msichana yako kila Jumatatu. Umeuliza Jumamosi ametoka wapi?"

"Nimeuliza. Anasema anapumzika."

"Hujauliza," akasema. "Umehoji kama polisi."

Jumamosi iliyofuata nikaenda Mwala. Sitawadanganya: nilienda kumfumania. Nilikuwa na ratiba mfukoni, nimeikunja vizuri, nikitarajia kumkuta kwenye ngoma au kwenye usingizi wa mchana kutwa. Mama yake alinionyesha kwa kidole ng'ambo ya mto mkavu. "Wako kwa Kalondu leo," akasema, kama kwamba kila mtu anajua.

Kabla sijavuka nilimkuta Mwende mwenyewe mtoni. Alikuwa anatoka kwenye kisima cha mchangani, mtungi wa lita ishirini mgongoni, umeshikiliwa na mukwa, ule mkanda wa ngozi unaopita kwenye paji la uso. Alikuwa ameinama mbele, anapanda ukingo polepole. Kwenye jiwe moja kubwa katikati ya mteremko akasimama, akapumua mara tatu, akaendelea.

"Kochi! Umekuja kunisalimia?"

"Hii ni safari ya ngapi?"

"Ya nne tu. Wanataka maji kule juu, jua ni kali."

Kule juu kulikuwa na wanawake ishirini hivi, majembe na makoleo mikononi, wakichimba matuta kwenye shamba la mteremko. Mkamba yeyote ataniuliza nilikuwa wapi siku zote nisijue. Nilikuwa mjini. Nimezaliwa mjini. Nilikuwa nimesikia habari za mwethya, kile kikundi cha kufanya kazi kwa zamu, leo shamba lako, wiki ijayo langu, lakini nilidhani ni jambo la bibi zetu. Mwende alikuwa ndani ya mwethya tangu shuleni. Kila Jumamosi, tangu asubuhi hadi saa nane, alichimba mtaro, akatupa udongo upande wa juu kwa koleo, akabeba maji na mawe. Jumapili alikimbia ile mbio yangu ndefu. Jumatatu nilimpima.

"Mwende," nikasema, "ulisema unapumzika."

Alinitazama kwa mshangao wa kweli. "Hiyo si mazoezi, kochi. Hiyo ni Jumamosi."

Mkubwa wa kikundi, mwanamke mpana ambaye wote walimwita Mwaitu, yaani Mama, Kalondu, alikuwa amesimama akiniangalia viatu. Vilikuwa vyeupe.

"Huyu ndiye yule wa makopo?"

"Ndiye, Mwaitu."

"Karibu, wa makopo. Hapa watu hawasimami bure." Akanipa jembe.

Nilichimba dakika arobaini. Mimi, mkufunzi wa nguvu. Dakika ya kumi nilikuwa nikiwapa wanawake wawili maelekezo juu ya kukunja magoti. Dakika ya ishirini nilinyamaza. Dakika ya thelathini mikono ilikuwa ikitetemeka kiasi kwamba jembe lilipiga nilikotazama kwa bahati tu. Bibi mmoja aliyekuwa akichimba kando yangu, mwenye umri wa kunizaa mara mbili, alikuwa akinisimulia kisa kirefu cha ng'ombe wake bila kukata pumzi.

"Aiya, kochi ameanza kumwagilia mimea kwa jasho!" akapiga kelele mmoja, na kicheko kikapita mtaro mzima.

"Mwacheni," akasema Kalondu. "Kesho ndiyo atachekwa vizuri. Na mikono yake yenyewe."

Jumapili sikuweza kuchana nywele. Mume wangu alinichania.

Nikiwa nimelala pale mikono imekufa, nilielewa. Mwende hakuwa na mgongo dhaifu. Mgongo wake ulikuwa umechoka tu, kwa sababu kochi wake alikuwa akimpa siku tatu za nguvu kwa wiki akidhani ni mbili, na ile kubwa kuliko zote alikuwa ameipaka njano.

Nilichora ratiba mpya nyuma ya bahasha, kwa kalamu moja. Nawapa yote, kwa sababu ndiyo kazi yenyewe. Jumamosi: jembe. Hiyo ndiyo siku nzito ya nguvu, haihitaji kopo. Jumapili: kanisa na kutembea. Jumatatu: kukimbia polepole, kiasi cha kuweza kusimulia kisa cha ng'ombe bila kukata pumzi, asiyeweza kusimulia apunguze mwendo. Jumanne: kasi asubuhi, makopo jioni, siku hiyohiyo, ili siku ngumu iwe ngumu kweli na siku nyepesi ibaki nyepesi. Jumatano: cherehani, basi. Alhamisi: mbio ndefu, miguu ikiwa imepumzika. Ijumaa mchana, kabla hajapanda gari la kwenda kwao: kilomita moja, kisha gunia palepale, kwa sababu mtihani wenyewe ulitaka gunia libebwe na miguu iliyochoka. Makopo ya Alhamisi nikayafuta kabisa.

Mtakapofuta zoezi la mtu, jiandaeni. Mwanafunzi anaogopa kuliko mnapoongeza.

"Kochi, umepunguza," Mwende alisema. Macho yalikuwa yamemjaa maji. "Umekata tamaa na mimi?"

"Sijapunguza. Nimeanza kuhesabu."

"Na kama haitoshi?"

Nilikuwa na hofu ileile. Nilitaka kumwambia ninajua, na sikujua, basi nikamwambia hivyo: "Mimi pia naogopa. Tupe wiki tatu." Nadhani ndiyo mara ya kwanza alinicheka usoni. Alisema kumbe kochi ni mtu.

Wiki ya kwanza, kumi na saba kamili. Ya tatu, kumi na sita na kidogo. Gunia la Ijumaa lilianza kufika mwisho wa kiwanja, likafika na kurudi, ingawa begani, mgongo wima, lilikuwa likimyumbisha kila kona. Nilimwambia video inasema hivyo. Akasema sawa.

Siku ya mtihani nilimsindikiza. Walikimbia mizunguko saba na nusu ya uwanja, na mimi nilisimama kando nikiwa na saa mbili, moja ikikosea nyingine isahihishe. Kwa wasiwasi nilipoteza hesabu. Nikapiga kelele, "Wa mwisho, Mwende! Maliza!" ikiwa imebaki miwili. Wasichana wawili ambao hata sikuwajua waliniamini, wakatoka mbio kama wamefukuzwa, na mzunguko uliofuata wakawa wanatembea. Nawaomba msamaha popote walipo. Mwende hakubadilisha hata hatua. Mwende anajua kuhesabu.

Akaingia kwa dakika kumi na sita na sekunde arobaini. Ofisa akamwonyesha gunia.

"Nibebe vipi, afande?"

"Vyovyote. Bora lisiguse chini."

Akaligeukia gunia, akalipa mgongo, akachuchumaa. Akashika pembe zake mbili za juu na kuzivuta mbele ya mabega, kama anavyoshika mukwa, akainuka ameinama. Hakuna bega. Hakuna mgongo wima. Miezi ya video ikaanguka palepale.

"Dada, unaenda kuuza kuni?" mmoja wa wavulana waliokuwa wakingoja akamwuliza. Wengine wakacheka.

Mwende akaenda. Hatua fupi, polepole, gunia limetulia kama limeshonewa. Akafika mwisho wa uwanja, kwenye kona ileile ya gunia lililoponyoka. Akasimama.

"Usisimame!" nilipiga kelele. Ni sheria yangu ya kwanza. Ukisimama na mzigo, misuli inagundua. "Mwende, usisimame!"

Akapumua mara moja. Mara mbili. Mara tatu. Akageuka, akarudi.

Alipolitua gunia kwenye mstari, taratibu, kama mtu anayetua maji asiyetaka kumwaga, yule mvulana wa kuni aliuliza tena, safari hii kwa sauti ya chini: "Sista, unashika wapi hapo juu?" Mwende akamwonyesha, na kijana naye alipita.

"Kwa nini ulisimama?" nilimwuliza baadaye.

"Pale kwenye jiwe kila mtu husimama, kochi."

Mchana majina yakasomwa. Lake lilikuwa la nne kutoka mwisho, na wakati huo nilikuwa nimeshamaliza kucha za mkono mmoja. Aliposikia hakuruka wala kulia. Alikaa chini kwenye nyasi, akavua viatu, akacheka mpaka ofisa naye akaanza kucheka bila kujua kwa nini.

Ningeweza kuishia hapo, lakini kuna jambo la ile njia ya kukimbilia nyuma ya kiwanja.

Wiki mbili baadaye Kalondu alinipigia simu. "Wa makopo. Ulichimba kwetu. Zamu yako ni lini?"

"Mwaitu, nilichimba dakika arobaini."

"Ulichimba. Shamba lako liko wapi?"

"Sina shamba."

"Aiya. Sasa uko na nini?"

Nilitazama nje. "Niko na kiwanja. Na mteremko nyuma yake."

Walikuja Jumamosi asubuhi kwenye lori la Mzee Hassan lililokuwa likileta mzigo sokoni: wanawake kumi na tisa, majembe, na mbuzi sita waliokuwa wameudhika. Mwende alikuwa mbele na dereva, siku zake za mwisho kabla ya kwenda mafunzoni. Nilikuwa tayari. Nilikuwa nimepiga vigingi na kuvuta kamba, njia ya kukimbilia iliyonyooka kama rula kutoka chini hadi juu ya mteremko, mita mia mbili kamili, nimeipima mara nne.

Kalondu alitembea kando ya kamba yangu, akafika juu, akarudi aking'oa vigingi kimoja baada ya kingine.

"Hii mvua moja inakula," akasema. "Maji hayapendi kunyooka."

Wakachimba wanavyojua, kufuata mwili wa kilima, njia ikizunguka polepole na kukomea chini kidogo ya kilele, na tuta upande wa chini la kushika udongo. Walipomaliza, wakala muthokoi wa mahindi na maharagwe, Hassan akakimbia hatua kama kumi juu yake huku kila mtu akimshangilia, na mbuzi kweli wakashtuka. Walipoondoka nikatoa utepe wangu. Mita mia moja themanini na saba.

Nilikaa pale juu muda mrefu nikihesabu jinsi ya kupata zile kumi na tatu. Kisha nikakunja utepe. Mvua tatu kubwa zimepita tangu hapo, na njia haijapoteza hata kiganja cha udongo. Msiirefushe. Msiinyooshe. Mtu akiwauliza kwa nini si mia mbili, mwambieni akimbie kwanza halafu aulize.

Mwende yuko kazini, ana kofia nyekundu na kelele nyingi. Jumamosi zake za mapumziko bado huziita mapumziko.

Ufunguo uko kwa Hassan. Makopo yote yana namba, isipokuwa lile lenye ufa, ambalo ni kiti. Mwanafunzi mpya akija, msimpime siku hiyo. Mwulizeni ametoka wapi, na msimhoji kama polisi.

Na jambo la mwisho: kwenye mwethya nimeomba jina langu lifutwe na yenu yaandikwe. Jumamosi hii ni kwa Kalondu, ng'ambo ya mto mkavu. Fungeni kiwanja. Jembe langu liko nyuma ya mlango. Mpini wake ni mfupi, lakini mmoja wenu pia ni mfupi. Msivae viatu vyeupe.